Ishirini Uliyoiandika Bila Kutazama

Dada Kadzo,

Salamu utazipata kwa mama hapa Magogoni, mimi zangu zimekwisha. Nina hasira nawe, na naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa kuwa uliniaibisha mbele ya watu.

Unakumbuka kipupwe, mafuta ya nazi ya mama yakiganda chupani? Uliisugua chupa kwa viganja mpaka yakayeyuka, ukanipaka miguu twende kanisani. "Yapashe kidogo tu, yatakutii," ulikuwa ukisema. Ni wewe uliyenifanya niipende kazi hii, nikakufuata hadi maabara ya Profesa, Kisauni.

Huko tulitandaza utando wa mafuta juu ya kioo, ndani ya maji, mwembamba kama ule unaofunika seli, tuone unaganda lini na unalegea lini. Wetu mpaka wake ni kama nyuzi ishirini na nne. Ukipita hapo, chembe zake zinatembea. Ukishuka, zinatulia tuli.

AC ikaharibika mwezi mzima. Jasho lilivyotutoka, jamani! Mimi nilikaa kwenye hadubini nikipiga picha za utando uliolegea. Kazi yako ilikuwa kusoma kipimajoto na kuandika. Kilikuwa ukutani, hatua tatu tu kutoka kitini pako, na siku niliyokitazama kilisema thelathini na moja. Wewe ukajaza ishirini kila siku, kwa mazoea, ati fomu za ng'ambo zasema hilo ndilo joto la chumba. Chumba cha nani? Cha Kisauni, mwezi wa pili?

Profesa, aliyekuwa safarini mwezi huo, akauliza mbele ya wenzetu wote ni utando gani huu unaotembea kwenye ishirini. Akakugeukia. Nilikutazama nikijua utasema kweli.

"Ishirini, Profesa, kama kawaida."

Haki ya Mungu, sikuamini masikio yangu. Nikaambiwa nimepika matokeo. Nilipotaja AC, nikaambiwa nisimsingizie dada yangu. Nikafukuzwa, nawe ukapanda ndege kwenda kusoma.

Sasa wanitumia sauti kwa simu, unalia, ati damu nzito kuliko maji. Siku ile haikuwa nzito? Nafundisha kemia shule moja ya Bamburi, na kila chuo ninachoomba, jina langu chafu limeshafika. Na bado nakupenda, ndiyo maana inaniuma hivi.

Usinililie tena. Mwandikie Profesa, mstari mmoja, kwa jina lako: sikukitazama kipimajoto. Huenda ukapoteza nafasi yako huko, najua. Yangu ulishaipoteza, na hukuniuliza.

Mdogo wako, wa tumbo moja