Simu ya Mwalimu Miwani

Kwako binti yangu Kitindamimba,

Hujambo mwanangu? Na shangazi yako hajambo? Sisi huku tu wazima, goti la mama yako limepoa. Mimi bado napanda paa. Juzi nilipaua karakana ya muuza mbao, vijana wakakaa chini kutazama mzee anavyotembea juu ya kenchi kama paka. Siyo majivuno, waulize. Mwandiko ukiyumba usidhani naumwa. Leo sikutaka mama yako aniandikie.

Barua yako alinisomea yeye. Unasema umezunguka ofisi za wahandisi huko hadi soli zimelika, kila mlango wanakuambia nafasi za mafunzo ya kazini zimejaa, na usipopata mwezi huu utarudia mwaka. Unasema Mwalimu Miwani aliahidi kukutafutia, ukampa namba yangu kabla hujaenda kwa shangazi yako maana simu yako ilivunjika, ukangoja, kimya. Sasa hata jina lake hutaki kulisikia. Mama yako akasema walimu wa siku hizi ni maneno matupu. Mimi nikanyamaza, na wanijua, kunyamaza siyo kazi yangu.

Kesho yake nikavaa shati la heshima nikaenda chuoni kwenu kumwona Mwalimu. Chumba chake kimejaa michoro ya majengo hadi kwenye viti. Akaondoa mingine nikapata pa kukaa.  

Mwanangu, haya nisingeweza kuyasema kwa simu ya shangazi yako. Mwalimu alipiga. Ilikuwa jioni, sauti ya mwanamume, anakuulizia wewe kwa jina. Nikakata. Alipopiga tena sikumngoja amalize. Nilimwambia nawajua wanaume wa aina yake, na akithubutu kumtafuta tena binti yangu nitamfuata na nyundo. Nikajiona baba kwelikweli, nikala nikashiba. Wewe sikukuambia kitu. Kumbe alitaka kukuambia kuna ofisi inakusubiri asubuhi yake.

Nilimwambia mwalimu ule mdomo ulikuwa wangu, wewe hukujua lolote. Hakunicheka. Akasema aliogopa kukuletea matata nyumbani, ndiyo maana akakaa mbali. Kisha akavua miwani, akafuta, akasema:

“Mzee, nami nina binti. Ningefoka kama wewe. Ila binti mwenyewe ningemuuliza kwanza.”

Tangu siku hiyo nikipigilia msumari nayasikia maneno yake. Mtaani najisifu nimesomesha mtoto mwenye akili, halafu mtoto mwenyewe sikumuuliza hata swali moja.

Ile nafasi wamempa mwingine. Lakini mwalimu ameongea na ofisi nyingine, ya wajenzi wa madaraja, nao hawangoji sana. Hatakupigia yeye. Anasema ukitaka, umpigie mwenyewe, na siwezi kumlaumu. Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii, nimeihakiki mara nyingi. Azima simu ya shangazi yako umpigie leo, na umsalimie vizuri, hana kosa. Mama yako nitamwambia mwenyewe. Nawe una haki ya kunikasirikia, nikasirikie utakavyo, ila mpigie kwanza.

Msalimie shangazi yako. Mwambie kaka yake bado mkaidi, lakini ameanza kufundishika.

Ni mimi baba yako,
Fundi Paa