Nauli ya Mama Mkwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Dawati la Usalama Barabarani

Jina: Limehifadhiwa katika jalada. Mtaani anajulikana kama Mama Futi.
Umri: Miaka 63
Kazi: Fundi cherehani, nguo za kiume
Makazi: Nyumba ya pili nyuma ya soko kuu, yenye mlango wa bluu
Nafasi ndani ya gari: Abiria (neno limekatwa, tazama maelezo ya afisa mwishoni)

Afisa amenionya kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemwelewa. Nami nimemwomba aandike ninavyosema, asininyooshee maneno, maana kunyoosha ni kazi yangu mimi.

Mimi ni mjane. Nimelea watoto wanne kwa cherehani moja, ile ile iliyopo barazani kwangu hadi leo. Sijawahi kupiga hodi kwa jirani kuomba chumvi, na sijawahi kubebwa na mtu. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Dereva wa gari lililopata ajali ni mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nami humwita Mwalimu. Mwaka juzi alinunua gari dogo la kijivu. Siku ya kukata bima nilikwenda naye kwa wakala, kwa kuwa Mwalimu ni mpole na wapole huuziwa chochote.

Wakala alimweleza hivi. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari awe na bima ndogo. Hiyo ukimuumiza mtu barabarani au ukimvunjia mali yake, kampuni inamlipa yeye. Gari lako, mwenyewe utajua la kufanya. Bima kubwa inamlipa huyo mtu na inalitengeneza na gari lako. Nilimwambia Mwalimu achukue kubwa. Ndogo naiona kama koti lisilo na bitana: wa nje wanaona umevaa, wewe ndani unatetemeka. Wakala alicheka, Mwalimu akachukua kubwa. Ushauri huo ulikuwa wangu na sitaki mtu mwingine auchukue.

Kisha wakala akauliza, "Gari ni la biashara au la binafsi? Maana ukikata ya binafsi halafu ukabeba watu kwa nauli, siku ya ajali usitufuate."

Mwalimu alisema, "La nyumbani. Watoto, mke wangu, na mama huyu."

Wakala akauliza kama aongeze kifungu cha kuwatibu wanaopanda, maana hicho hulipiwa pembeni. Mwalimu akasema, "Ongeza. Mama atakuwa anapanda."

Nilimwambia, "Gari halijatoka hata nje, tayari mnaniandalia ajali?" Alicheka huku ameinamisha macho, kama anavyofanya siku zote mbele yangu. Lakini moyoni nilijisikia mtu.

Mimi na Mwalimu tuna heshima zetu. Sikai naye mbele bega kwa bega kama vijana wanaokwenda matembezini. Nakaa nyuma, mkoba mapajani, kilemba changu hakiguswi na upepo. Tukifika anashuka, ananifungulia mlango, anasema, "Tumefika, mama. Shuka taratibu." Hakuna hata siku moja aliyoruka hilo, hata mvua ikinyesha.

Safari ya kwanza nilimpa hela ya mafuta. Alirudi nyuma hatua nzima na kuniomba radhi, kana kwamba yeye ndiye amenikosea. Sikurudia. Nikatafuta njia yangu. Kila aliponipeleka mahali, nilichukua suruali yake moja kwa binti yangu, nikabadilisha zipu au nikashusha pindo. Safari ikiwa ndefu, nilimkatia suruali mpya. Sikumwambia mtu. Kichwani mwangu tulikuwa sawa, hakuna anayemdai mwenzake, nami nililala vizuri. Pale shuleni kwao walimu wote wanajua ni nani anayevaa suruali iliyokaa. Nikimwona anavuka barabara, mshono umenyooka kutoka kiunoni hadi kwenye kiatu, najivuna hadharani na sijali nani ananitazama.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, siku ya Jumanne, majira ya saa tatu asubuhi, Mwalimu alikuwa ananipeleka kliniki ya macho. Afisa ameniuliza hapa kama basi niliweza kuona ajali. Nimemjibu kwamba mbali naona vizuri, tena naona kifungo cha pili cha shati lake kimeshonwa kwa uzi usiofanana na vingine. Ninachoshindwa ni tundu la sindano.

Tulikuwa tunashuka mteremko kutoka sokoni. Mbele yetu, upande wa kulia, kulikuwa na lori linapanda. Kutoka uchochoro wa kushoto ulichomoka mkokoteni uliojaa madumu ya maji. Mwenyewe ulikuwa umemshinda, na badala ya kuuachia alikuwa ameung'ang'ania, unamburuta hadi katikati ya barabara. Nyuma yake, pale uchochoro unapokutana na barabara, kuna duka la mikate lenye baraza na nguzo.

Mwalimu hakupiga kelele. Alisema, "Mama, shika," akakanyaga breki na kukata kushoto, akapita nyuma ya yule mtu na kuigonga nguzo. Angeweza kunyoosha, na sidhani kama kuna ambaye angemlaumu sana. Alichagua nguzo, na mwenye mkokoteni yu hai, nimemwona jana anauza maji.

Kona ya baraza ilishuka na mabati yake. Wanunuzi walikuwa mlango wa pili, hakuna aliyeguswa. Mimi nilikuwa nimekinga mkono wa kulia kwenye kiti cha mbele, ukavunjika kwenye kifundo.

Mwalimu alinitoa kwanza, akaniketisha kwenye kreti la mikate, akafunga mkono wangu kwa tai yake. Kisha akamwendea mwenye duka na kumwambia, "Nguzo yako nimeivunja mimi. Gari lina bima, utalipwa. Naomba tuwasubiri trafiki." Watu walianza yale ya siku zote: sogeza gari, malizaneni hapa hapa, polisi watawapotezea siku. Alikataa. Alisema bima haiji kulipa kitu kilichomalizwa kichochoroni, na gari halitasogea mpaka lipimwe. Nilikuwa nimekaa kwenye kreti, mkono unavimba, na bado nilimgeukia mama mmoja nikamwambia, "Huyo ni mkwe wangu."

Trafiki walipofika, mlinzi wa duka la mikate aliwaambia kwamba lile gari ni teksi bubu, yaani gari la mtu binafsi linalobeba watu kwa nauli kimya kimya. Alisema analiona kila mara: mama mtu mzima kakaa nyuma peke yake, dereva anashuka kumfungulia mlango, anamwambia tumefika. Sina ugomvi na mlinzi. Alisema alichokiona, na heshima yetu kwa mbali inafanana na teksi.

Kesho yake mkaguzi wa kampuni ya bima alikuja hospitali. Mwalimu alikuwa amesimama kando ya kitanda changu, ameshika mkoba wangu wa mkononi kwa mikono miwili. Mkaguzi ni kijana mwenye adabu, ila suruali yake imekatwa fupi. Aliniuliza kama Mwalimu ndiye hunibeba kila ninapotaka kwenda.

Neno hilo la kubebwa lilinichoma. Nilikuwa nimelala kichwa wazi, mkono wa kazi umevunjika, nalishwa uji na watu, na sasa ananiuliza kama nabebwa. Nikamjibu, "Mimi sijapanda gari la mtu bure tangu nizaliwe. Kila safari nailipia."

Akauliza, "Hata hii ya jana, mama?"

Nikasema, "Hata hii ingelipwa jioni."

Mwalimu aliinua uso akanitazama machoni. Katika miaka yote ya ndoa yao sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo. Mkaguzi akamgeukia, "Mwalimu, una la kusema?"

Akasema, "Mama ameshasema."

Alinijazia maji kwenye kikombe, akaweka mkoba karibu na mto, akamsindikiza mgeni mpaka mlangoni.

Jumamosi binti yangu alikuja nyumbani hata viatu hakuvua. Aliniambia kampuni imesimamisha malipo yote, kwa kuwa gari la binafsi lilikuwa kwenye biashara. Nguzo na baraza la watu, gari lenyewe, hata matibabu yangu, vyote vitamwangukia Mwalimu. Zaidi ya hayo, polisi walikuwa wanafikiria kumshtaki kwa kubeba abiria kwa nauli bila leseni wala bima ya kazi hiyo, na mwalimu mkuu ameshamwita ofisini kumuuliza kama ni kweli anaendesha teksi.

Binti yangu aliniuliza, "Mama, ulikuwa unamlipa nini?"

Nikamwambia, "Suruali."

Alikaa kitandani. Kisha akasema, "Yeye hajui kama yale yalikuwa malipo, mama. Kila ukimshonea anazigeuza mbele ya kioo. Anawaambia wenzake, mama yangu kanishonea hii. Hasemi mama mkwe."

Nilimuuliza kwa nini basi hakumwambia mkaguzi kwamba hajawahi kupokea hata senti kwangu. Neno moja tu lingemtoa.

Binti yangu akasema, "Nilimuuliza hivyo hivyo. Alisema hawezi kusimama mbele ya mgeni, wewe umelala na mkono umevunjika, akasema mama yake anadanganya."

Hapo nililia. Afisa ameniuliza kama aliache hilo nje ya maelezo. Nimemwambia aliandike.

Leo asubuhi nimekuja kituoni kwa miguu, hakuna aliyeniita. Afisa ameniuliza maswali na majibu yangu ni haya. Kama tuliwahi kupatana nauli: hapana. Kama aliwahi kupokea hela yangu: hapana, nilijaribu mara moja akakataa. Kama alijua kwamba nazihesabu zile suruali: hapana, hesabu ilikuwa kichwani mwangu peke yangu. Kama amewahi kumpakia mtu yeyote kwa malipo: hapana, na mtaa mzima uulizwe.

Kisha afisa akaniuliza kama ningemshonea Mwalimu hata asingekuwa na gari. Nimemjibu hivi. Suti yake ya harusi niliikata mimi, wakati huo anatembea kwa baiskeli. Alikuja kupimwa, akasimama kama mtoto anayesubiri sindano, nilipomzungushia futi kifuani nikasikia moyo unavyokwenda mbio. Nikamwambia binti yangu jikoni, huyu anafaa. Nilimshonea kabla ya gari na ningeendelea kumshonea. Hizi habari za safari moja suruali moja nilizitunga mwenyewe ili nisione haya kukaa nyuma ya gari la mtu mikono mitupu.

Kwa hiyo natamka mbele ya afisa, nikiwa na akili zangu timamu, kwamba tarehe 9 nilipanda bure. Safari zote za kabla yake nilipanda bure. Nilipanda kama mama anavyopanda gari la mwanawe. Neno hilo sijawahi kulisema popote. Nimelisema hapa, na kampuni ilisome.

Naongeza jambo moja. Nimesikia mmoja wenu hapa kaunta akisema Mwalimu ni mjinga kwa kunyamaza. Siyo mjinga. Nimewavalisha wanaume wengi wa mji huu, wakubwa kwa wadogo, na najua mabega yao yote. Kama yake sijapima.

Suruali yake ya kaki iko kwenye cherehani yangu, imebaki zipu. Mkono ukipona nitaimalizia, na haitakuwa malipo ya kitu chochote.

Haya ndiyo niliyoyaona barabarani, na haya ndiyo niliyopaswa kuyasema pale kitandani. Nimesomewa, ni yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa kwa mkono wa kushoto)

MAELEZO YA AFISA

Nimeyachukua maelezo haya mwenyewe na kumsomea shahidi kwa sauti mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza alisema nasoma kwa haraka. Nilimpa kidau cha wino aweke dole gumba kutokana na hali ya mkono wake. Alikataa, akasema yeye si mtu wa kidole, akachukua kalamu kwa mkono wa kushoto. Ilichukua muda.

Neno "Abiria" katika ukurasa wa kwanza nimelikata kwa ombi lake. Badala yake isomwe: "Mama wa dereva."

Nakala ya maelezo haya itapelekwa kampuni ya bima leo hii. Napendekeza shauri la kubeba abiria kwa nauli lisiendelee.

Dereva alikuwa amepata habari kwamba shahidi yuko hapa, akaja kumchukua kwa gari la kuazima. Nilimsindikiza shahidi mpaka nje. Dereva alishuka, akamfungulia mlango wa nyuma. Shahidi aliufunga, akazunguka, akafungua wa mbele mwenyewe.