Diski za Mwaka Huu, Kaka, Nimezichagua Peke Yangu

Kwako Kaka, ambaye sijui nikutumie wapi,

Nimeamua kuiandika barua hii hadharani, aisome atakayeisoma, kwa sababu nimechoka kuwapa watu barua mkononi. Niliwapa wenye pikipiki waendao Walikale. Nilimpa katekista wa Kibua, huko huko Walikale, alipokuja kumwona shemeji yake. Nilimpa hata mama mmoja anayeuza mawese. Wote walikuwa waungwana, na wote walirudi na jibu lile lile, kwamba hawakukuona. Huu ni mwaka wa nne tangu uondoke Masisi kwenda kutengeneza redio na simu za wachimba madini huko msituni, na sasa Baba mdogo anasema inatosha. Jumamosi hii anataka tuanze kilio chako.

Unajua desturi ya ukoo wetu. Mtu asiyeonekana haliliwi mpaka yule aliyemfuata kuzaliwa akubali kwa kinywa chake mbele ya wakubwa. Aliyekufuata wewe ni mimi. Baba mdogo alikuja hapa Bweremana, akakaa kwenye kiti chetu cha plastiki, akazungusha kofia yake mikononi, akasema.

"Mwanangu, sisi hatukusukumi. Lakini mama yako iko anazeeka na mutoto mwenye hayuko mu kaburi wala mu nyumba. Weye njo ulimufwata. Unasema nini?"

Nikamwambia nitamjibu Ijumaa. Leo ni Alhamisi, na badala ya kufikiri jibu nimekaa hapa nachagua diski za mwaka. Usinicheke.

Ulianza wewe wazimu huu. Kibanda chako sokoni Masisi kilikuwa kimejaa redio za watu, zimefunguliwa matumbo, na juu ya rafu, mahali ambapo fundi mwenye akili angeweka vipuri, uliweka diski, zile santuri za zamani. Zilitoka kila mahali. Nyingine ulizikuta kwenye nyumba ya msimamizi wa shamba la kahawa lililokufa zamani. Nyingine zilitoka kwenye baa iliyofungwa Walikale, na mwenye baa alikupa zote ukimtengenezea redio yake. Hazikuwa na makasha. Maandishi ya katikati yalikuwa yamefutika, kwa hiyo ulizipa majina yako mwenyewe: Nyuki wa Kopo, Ndugu Watatu, Padri Amelewa. Mpaka leo sijui Padri Amelewa inaitwaje kwao.

Watu wengine walitaka rumba. Wewe ulipenda zile ambazo gitaa limechafuliwa makusudi, likawa linakwaruza, na kinanda cha umeme kinazunguka mpaka kichwa nacho kinazunguka. Ngoma zilisikika kama zimepigwa ndani ya gereji, mlango ukiwa umefungwa. Uliuita muziki wa malaria, kwa sababu ulisema ukiwa na homa kali ndivyo dunia inavyosikika. Mama alikuwa na maoni yake. "Mwenye kupiga hii gitaa," alisema, "alikosa muntu wa kumukataza."

Na kila Jumapili ya mwisho ya mwaka, baada ya misa, tulifanya classement, kuzipanga diski kwa kura. Uliunganisha mashine ya diski na batri ya gari, ukatoa bafle moja ya kutolea sauti nje ya mlango, ukafungua daftari lako la shule. Nilikuuliza mara ya kwanza, nikiwa na miaka kumi na mmoja hivi, vipi diski ya zamani kutuzidi sisi inaweza kuwa diski ya mwaka. Ulinitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto asiyesoma.

"Iliingia mu nyumba yetu mwaka hii. Njo ya mwaka hii. Mbele ya pale ilikuwa ya bengine."

Sheria zako zilikuwa nyingi. Hakuna kupiga kura siku ya mvua, kwa sababu mabati yanaharibu masikio. Kila diski isikilizwe upande wote hadi mwisho, hata kama inaudhi. Mama ana kura moja, ingawa kila mwaka aliipigia Ndugu Watatu, akidai angalau wao wanaonekana walibatizwa. Mimi nilikuwa na kura moja. Wewe ulikuwa na mbili kwa sababu batri ilikuwa yako. Hata sasa naona huo ulikuwa wizi.

Nyuki wa Kopo ilishinda mwaka ule ilipoingia, na ingeshinda kila mwaka kama ungeruhusu. Lakini ilikuwa na mkwaruzo mkubwa, unakumbuka. Mwimbaji akimaliza ubeti wa pili, sindano inaruka, na ghafla tuko kwenye gitaa la mwisho. Uliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano, ukaweka mbili, ukapaka sabuni, ukatumia hata mafuta ya nywele za Mama akakufukuza. Iliruka tu. Tukazoea hivyo. Tuliimba wimbo ule na mruko wake, tukaruka pamoja nao, mimi na wewe, njia nzima ya kwenda kuchota maji.

Ulipoondoka ulizifunga diski zote kwenye gunia, ukaziacha kwa rafiki yako Justin kabla hajahamia Bukavu. Nyuki wa Kopo peke yake ulinipa mimi. Uliifunga kwa gazeti na kitambaa. Ulisema, "Hii usimupe muntu. Ntarudi kuikamata miye mwenyewe." Ukapanda pikipiki nyuma ya mtu wa mihogo, begi la vyuma vyako likiwa mapajani. Ulinipigia simu mara tatu tu. Ya mwisho ulikuwa Kibua, mtandao unakatika, na neno nililolisikia vizuri ni "kesho".

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Tulipokimbia vita Masisi nilibeba vitu vichache sana. Sufuria, hati za ubatizo, blanketi la Mama, na diski yako, nimeifunga mgongoni chini ya nguo kama mtoto mchanga. Tulitembea nayo mpaka hapa Bweremana, kando ya ziwa. Ilifika nzima. Tulikaa nayo kwenye hema la kambi miezi mingi, na kila nilipoigusa nilijiambia, Kaka hajaichukua bado, basi yuko njiani.

Halafu bidoni yetu ya maji ikapasuka. Ilikuwa moja tu, na maji tulichota mbali, na Mama alikuwa na homa. Kuna mtu anayezunguka kambini na chuma chake na makaa, anayeziba bidoni. Alikuja. Alisema hana plastiki ya kuyeyusha, kila mtu alete yake. Watu walikuwa wanaleta vifuniko na vikombe vilivyovunjika. Mimi nilitafuta hema zima, Kaka. Mama alikuwa anaomba maji. Nikatoa diski.

Aliikata kipande kwa chuma chenye moto, ikatoa moshi mbaya mweusi, akabandika. Haikushika. Alisema plastiki hizi mbili hazipatani, akajaribu kipande kingine, na kingine, na diski ikapoteza umbo, na bidoni ikaendelea kuvuja. Nikaenda kuchota maji hivyo hivyo, nikiziba tundu kwa kidole njia nzima. Baadaye jirani alitupa bidoni yake ya ziada. Kama angekuja asubuhi ile, saa mbili tu kabla!

Tangu siku hiyo nilianza kuogopa. Ninajua ni ujinga. Plastiki iliyoungua Bweremana haiwezi kumfanya lolote mtu aliye Walikale. Lakini uliniachia kitu kimoja cha kukurudisha, nami nikakitia motoni.

Mwaka huu, Justin aliniandikia kwa WhatsApp kutoka Bukavu. Kumbe wazungu nao wanafanya classement! Wako watu mbali huko wanaotafuta diski za zamani za Afrika, zile za gitaa chafu, wanazisafisha, wanazitoa upya na makasha mazuri, na mwisho wa mwaka wanapanga orodha ya zile walizozipenda. Justin alinitumia orodha moja na ujumbe mfupi: "Mudogo, angalia namba saba, lakini ukae chini kwanza."

Niliketi. Ilikuwa mchana, nipo kwa baba mmoja anayechaji simu karibu na soko la samaki, watu wanapiga kelele kila upande. Nikaiwasha hiyo namba saba, nikaweka simu sikioni kama ninaongea na mtu. Ilikuwa Nyuki wa Kopo.

Jina lake la kweli sasa ninalijua, na majina ya vijana walioipiga, wanne, na picha yao wamevaa suruali pana na miwani. Sitayaandika hapa. Ukirudi nitakuonyesha mwenyewe. Lakini sikiliza. Imesafishwa. Hakuna ule mchanga uliokuwa unakaanga chini ya muziki. Ubeti wa pili ukafika mwisho, nami mwili wote ukajiandaa kuruka, hata mguu uliinuka kidogo. Haikuruka.

Kaka, kuna sehemu pale katikati. Sisi hatukuwahi kuisikia. Gitaa linanyamaza kabisa. Mtu mmoja anakohoa, nadhani ni mpiga ngoma. Kisha kinanda kinabaki peke yake, polepole sana, kama mtu anayetafuta njia gizani kwa mikono, na yule mwimbaji hasemi maneno tena, anaguna tu chini chini pamoja na kinanda. Inaendelea muda mrefu, nadhani zaidi ya dakika mbili. Ni nzuri kuliko wimbo wote uliobaki. Miaka yote ile tulikuwa tunairuka.

Nikageuka kukuambia. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, niligeuza kichwa kabisa, mdomo wazi, na aliyekuwa pale ni mteja wa samaki anayengoja batri yake ijae. Akaniuliza, "Dada, iko habari mubaya?" Nikarudisha simu sikioni. Nimejaribu kumsikilizisha Mama. Alisikiliza hadi mwisho, akasema hawa nao kumbe walibatizwa, akanirudishia simu. Amezeeka, Kaka.

Basi orodha ya mwaka huu ni hii, kwa kura moja, kwa sababu batri siyo yangu. Ya kwanza ni Nyuki wa Kopo, iliyotolewa upya, iliyoingia nyumbani kwetu kupitia simu. Ya pili ipo kwenye orodha ya Justin pia, akina dada wawili wenye kinanda kilicholegea, sijui ni wa nchi gani, wanaimba kama wanagombana jikoni. Ungenipinga, ungesema ngoma yao inachelewa, na ungekosea. Ya tatu si diski. Kwaya ya hapa kanisani ina mpiga gitaa ambaye bafle yake imechanika, na kila Jumapili gitaa linakwaruza vibaya wakati wa sadaka, na mkuu wa kwaya anatuomba radhi kila Jumapili. Mimi ninakaa mbele ili nilisikie vizuri. Laiti ungekuwepo, ungemkataza asiitengeneze.

Sasa nimemaliza kuchagua, na Ijumaa bado iko palepale.

Nilidhani nikikataa ninakulinda. Nilijiambia kwamba mtu ambaye hajaliliwa bado ana njia ya kurudi, na kwamba mdomo wangu ndio mlango. Sikujua ninachomfanyia Mama. Unajua kwetu mama halii mtoto ambaye hajatangazwa, anaogopa kumwitia kifo. Kwa hiyo miaka minne hajalia. Hata tone. Watu wa jirani wanamsifu kwamba ana moyo mgumu. Jana nilikuwa ninamsuka nywele, na akasema bila kugeuka, sauti ya kawaida kabisa, "Mi nataka nimulie mutoto wangu. Munanikataza sababu gani?"

Mikono yangu ilisimama kichwani mwake. Kuna aliyesema alikuona katikati ya mji wa Walikale, umevaa koti la bluu. Kuna aliyesema ulikuwa kwenye shimo lililoporomoka. Nimewasikiliza wote wawili mpaka nimeyakariri maneno yao, na sina njia ya kujua, na hakuna barabara ninayoweza kupita kwenda kuangalia. Nimejaribu kila nilichoweza, na nilichoweza ni kidogo sana.

Kesho nitamwambia Baba mdogo kwamba nimekubali. Jumamosi nitakaa chini pamoja na Mama, na nitamwacha alie anavyotaka. Ukiwa hai, ukaisoma hii mahali fulani, ukakuta tumeshakulilia, usimlaumu Mama wala Baba mdogo. Waliniuliza, na aliyesema ndiyo ni mimi.

Ninayekufuata,
Mdogo wako