Dada Unahesabiwa Wapi?

Mshangano, Songea

Dada Odilia, shikamoo.

Ninamkabidhi Sista Hilda, anayesafiri kesho, barua hii akuletee huko Ujerumani, kwa sababu ukipiga simu mama huweka sauti ya juu ili tusikie wote, nami nashindwa kusema langu.

Mahindi yamekauka vizuri. Mbuzi wa jirani amekula kola ya sare yangu, lakini bado naivaa.

Juzi mwalimu wa uraia alisema utajiri wa nchi si makaa ya mawe peke yake, ni pia afya na ujuzi wa watu wake. Nilitaka kuuliza swali, nikaona aibu. Wewe ulisomea ukunga hapa, na sasa unazalisha kina mama wa huko. Je, ujuzi wako unahesabiwa kwenye utajiri wa nchi ipi? Nimetafuta maktabani, sijapata.

Ninauliza pia kwa sababu ya mama. Mimba imekuwa kubwa na miguu imevimba. Baba akimwambia waende kliniki, anajibu, "Kwani nimemsomeshea nani mkunga? Odilia anarudi mwezi huu, atanizalisha mwenyewe." Ameshatandika kitanda chako.

Ile siku ulipopiga simu mama akiwa shambani, uliniambia umeongeza mkataba wa kazi huko, ukanikataza kusema. Sijasema. Lakini nikimtaja daktari mama ananicheka, na wewe hakucheki. Tafadhali mpigie. Mwambie huji, kisha umuulize habari za miguu kama unavyowauliza wa huko. Akikusikiliza akaenda kliniki, nadhani nitakuwa nimepata jibu la swali langu.

Mdogo wako,
Benigna