Mgunga wa Mama Akiru Kwenye Sinia

Lodwar, Jumamosi, 1978. Upepo wa mchanga tangu asubuhi, na mimi najichukia tangu jana.

Nina mti wa urefu wa kiganja mpaka kiwiko. Ni mgunga, ule Waturkana wanaouita ewoi. Migunga ya umri wake kando ya mto Turkwel imeshanipita kimo. Wangu unakaa kwenye sinia dirishani. Bonsai. Mhandisi mmoja mgeni alinifundisha hilo jina, na nilivyolitamka mbele ya makarani wenzangu ungedhani nimesoma ng'ambo.

Kazi yenyewe ni upuuzi. Unakata mzizi mkuu. Unatoboa sinia maji yasisimame, unaweka kokoto na udongo kidogo. Chipukizi likijaribu kurefuka, mkasi. Matawi unayazungushia waya uyapinde, halafu unautoa kabla haujauma gome. Baada ya miaka miwili unaung'oa, unapunguza mizizi, unaurudisha kwenye njaa yake. Wageni wanasema, "Maridadi!" Wajinga. Na mimi mjinga mkuu nawamiminia chai.

Lakini si hilo linaloniuma.

Huo mti niliuiba.

Kando ya mto kila kipande cha miti kina wenyewe, wanakiita ekwar. Nilijua vizuri. Mche huu ulikuwa wa Mama Akiru, anayeniletea maziwa. Aliuzungushia miiba ukue, mbuzi wake waje wale maganda ya mbegu zake. Nilisogeza miiba, nikachimba, nikaenda zangu bila kuirudisha. Mbuzi wa Arot, mke wa kaka yake, wakapita hapo wakaacha alama za kwato. Mama Akiru akaona ni wao waliokula mche, akamtukana Arot mbele ya watu kisimani. Arot akahamia Kakuma.

Miaka sita nimekunywa maziwa ya huyu mama nikisikiliza habari za mbuzi wa Arot, nikitikisa kichwa kwa huruma. Huruma!

Jana akaniambia binti wa Arot anaolewa Jumatatu, na yeye, shangazi mtu, hataenda. Akajifuta macho akidhani sioni. Nikatoa sinia nje.

"Mama, hii ndiyo ewoi yako. Si mbuzi. Ni mimi."

Akagusa alama za waya.

"Miaka sita, na iko hivi? Wewe karani, ulikuwa unanyima yeye chakula?"

"Nilikuwa naukata, mama. Upendeze."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mtoto yako, unakata yeye miguu apendeze?"

Nikasema nitaurudisha kwenye ekwar yake.

"Kaa nayo. Mbuzi watanicheka."

Nikamwomba msamaha. Hapo kicheko kikaisha.

"Mimi si ule alitukanwa. Panda lori, uende Kakuma, useme na mdomo yako mbele ya watu. Mimi nitasimama nyuma yako. Na mimi niko na yangu ya kusema."

Lori linaondoka kesho asubuhi. Leo nimetafuta homa mwilini, sikuipata. Nikafikiria kumwandikia Arot barua. Arot hajui kusoma, na nilijua hivyo nilipokuwa nachukua kalamu.

Mama Akiru ameshamwambia dereva atuwekee nafasi mbili.

Arot akiniuliza kwa nini nilinyamaza, sina la kumpa ila kwamba nilikuwa mwoga. Nimejaribu kulisema hapa chumbani peke yangu, kwa sauti. Mara ya tatu limetoka.