Uzi wa Katikati kwenye Ukuta wa Ndinda

Alhamisi. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mawingu yamesimama upande wa vilima bila kuleta kitu. Nimefagia ua mara mbili, na mara mbili kuku wameuchakura. Kichwa kinaniuma kidogo, lakini si kichwa kinachonisumbua.

Nina wivu.

Kikamba changu Mungu anakisikia kila alfajiri, amekizoea. Haya ya leo naona afadhali niyaandike kwa Kiswahili, lugha niliyofundishwa shuleni kwa fimbo. Labda nitaona haya kidogo nikiyasoma.

Ninayemwonea wivu ni Ndinda. Tumekua pamoja, tumebatizwa siku moja, tumeolewa kijiji kimoja, na nyumba yake iko ng'ambo ya korongo, naiona nikiwa jikoni kwangu. Mumewe ni fundi wa mawe, kwa hiyo wana kuta zilizopigwa chokaa, paa la bati, na dirisha lenye mbao za kufungua na kufunga. Wangu ni mwinjilisti. Sisi tuna kuta za udongo na heshima.

Napenda vitu vizuri. Sijui nilitoa wapi ugonjwa huu. Nikienda sokoni Kwa Vonza kununua chumvi, nasimama dukani nikitazama vitambaa vya maua mpaka mwenye duka, Mswahili mmoja mpole, aniulize kama nimeshikwa na kizunguzungu. Mwaka jana nilipanda ua kwenye mkebe wa mafuta nikaliweka dirishani. Baba Musyoka, yaani mume wangu, aliutazama ule mkebe siku mbili, kisha akamwaga udongo na ua lake akatia misumari. Hakugomba. Alisema tu kwamba nyumba ya mwinjilisti isiwe na makuu. Tangu hapo pambo langu ni ufagio. Naufagia ua kwa mistari ya duara, vile kiondo kinavyosukwa, kwa sababu hakuna mzee wa kanisa aliyekataza mtu kufagia vizuri.

Sasa nije kwenye Jumanne.

Kikao cha akina mama kilikuwa kwa Ndinda. Huwa tunazunguka nyumba kwa nyumba, tunaomba, tunashona, tunakunywa chai. Bibi wa misheni naye alikuja, huyu mpya mwenye miguu mirefu na Kiswahili cha kuokotaokota. Tuliingia tukiimba, na wimbo ukatufia mdomoni, maana sote tuliuona ukuta.

Ndinda ametundika kitambaa cheupe cha marikani, kikubwa, kinachukua nafasi yote juu ya meza. Katikati ameshona kwa uzi mwekundu maneno KARIBU YESU. Na kuzunguka maneno hayo, pande zote nne, ameshonea shanga. Safu baada ya safu, nyekundu, nyeupe, buluu, na kwenye pembe amening'iniza ile mikufu myembamba ya shaba ambayo wazee wetu walikuwa wakiisokota kwa subira ambayo siku hizi haipo. Jua la dirishani lilikuwa limeipata ile shaba. Kusema kweli nilisahau kukaa.

Zilikuwa shanga za ngoma. Kila mama aliyekuwa mle ndani alizijua. Ndizo tulizovaa viunoni na shingoni tulipokuwa wasichana, tukicheza mpaka vumbi likatufika magotini, na ndizo tulizoambiwa tuziache kwanza ndipo tubatizwe. Wote waligeuka wakanitazama mimi, mke wa mwinjilisti, waone nitafanya nini.

Sikupata nafasi ya kufanya lolote. Bibi wa misheni alikwenda mpaka ukutani, akagusa shanga kwa kidole, akapiga makofi. Alisema ni kazi nzuri sana, ni kazi ya nyumba ya Kikristo, na akamwomba Ndinda atufundishe sote. Yeye hakujua. Angejuaje, wakati aliyetukataza alikuwa Bibi mwingine, yule wa zamani aliyekwisha kurudi kwao?

Kisha akanigeukia mimi, akitabasamu.

"Na wewe, Mama Musyoka, kwako hapana kama hii?"

Nikasema hapana.

Kwangu hakuna kwa sababu nilizitoa. Siku ya ubatizo yule Bibi wa zamani alisimama mlangoni pa kanisa na kikapu, nami nikavua kila kitu, hata ule uzi mdogo wa mguuni ambao hakuna aliyekuwa ameuona. Zilikwenda kutupwa shimoni nyuma ya kanisa, shimo likafukiwa. Nilijisikia mwepesi, nilijisikia mtakatifu, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikijipapasa shingo. Ndinda siku hiyo alikuja shingo tupu. Alisema zake ziko kwa mamake ng'ambo ya mto, na ilikuwa kweli, mamake alizishika akakataa kuzitoa. Mwaka jana mama huyo alifariki. Ndinda alikwenda kuzika akarudi na furushi.

Kwa hiyo hakudanganya. Hilo ndilo linaniunguza. Laiti angedanganya hata kidogo, ningekuwa na pa kumshikia.

Na niongeze jambo moja, kwa kuwa hakuna anayesoma hapa. Kati yetu wawili, mtunga shanga nilikuwa mimi. Ndinda alikuwa mchezaji. Wasichana walikuwa wakivuka mto kuja kuniomba niwatungie, wakikaa kivulini wakinipepea ili nisichoke. Leo Ndinda ndiye mwalimu wa kuifundisha misheni nzima, na mimi nimekaa kwenye kigoda nikishona pindo la aproni.

Jana Baba Musyoka alirudi na baiskeli yake kutoka ziara ya upande wa mji wa Wote. Hata maji ya kuoga hajapata, habari zilikuwa zimekwisha kumfika njiani. Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa watakaa juu ya jambo la Ndinda. Kwa kuwa yeye hakuwepo na mimi nilikuwepo, mimi ndiye nitakayeulizwa kwanza. Akaniambia niseme nilichoona, basi, nisitie chumvi.

Najua mwisho wake. Nikisema ni shanga za ngoma, Ndinda atatengwa na meza ya Bwana. Na binti yake Mwende, aliyebakisha wiki chache afunge ndoa, hatafungishwa kanisani, maana wazee hawaifungui milango kwa nyumba iliyotengwa. Watu wa bwana harusi wataambiwa kwa nini. Yote hayo yamekaa kwenye ulimi wangu.

Nilifurahi.

Nimelitazama neno hilo hapo juu na sitalifuta. Nilifurahi, furaha ile ya kukuna kipele. Nilipika ugali nikiwa naimba. Baba Musyoka aliniuliza nimepata habari gani njema, nikamwambia ni furaha ya kumwona amerudi salama. Maskini, akaongeza mboga.

Leo mchana, kuku waliponishinda, nilivuka korongo kwenda kwa Ndinda. Nilijiambia nakwenda kuhakikisha, kwamba shahidi mwema hutazama mara mbili. Uongo mtupu. Nilitaka kuziona tena. Tangu Jumanne nilikuwa nikizihesabu kichwani hata wakati wa kuomba.

Nilimkuta amekiteremsha kitambaa, amekitandika juu ya meza, na shanga zimetawanyika kwenye ungo. Alikuwa akifumua safu moja ya shanga, ile iliyo katikati ya nyingine. Hakushtuka kuniona. Aliniita kwa jina langu la usichana ambalo siku hizi haliitwi na mtu mwingine.

"Kalunde, umekuja wakati mzuri. Huu uzi wa katikati umenishinda. Ni wako huu. Ulikuwa ukianza na nini?"

Nilisimama pale mlangoni kama sijakaribishwa. Nikamuuliza uzi wangu umefikaje kwenye kitambaa chake.

Akasema bila kuinua macho: "Zako zilikwenda shimoni. Nikaona si vizuri ziwepo zangu tu. Lakini nimesahau mpangilio, nafanya kwa kubahatisha."

Ningependa kuandika kwamba niliguswa nikalia. Sikulia. Nilikasirika, na kilichonikasirisha ni kwamba alikuwa amekosea. Alikuwa ameweka nyekundu mbili na buluu mbili, nyekundu mbili na buluu mbili, mwendo wa mtoto anayejifunza. Jumanne nzima akina mama walikuwa wamekaa wakiutazama ule uzi, na wale wa rika letu bila shaka walijua ni wangu, wakadhani ndivyo nilivyokuwa nikitunga. Nilivuta kigoda nikamnyang'anya sindano.

Ni nyekundu mbili, nyeupe moja, buluu tatu, halafu nyeupe moja tena peke yake, na hapo unaacha nafasi kidogo sana, upana wa ukucha, ndipo uanze upya. Ile nafasi ndiyo siri. Bila nafasi uzi unakaza, unasimama kama kamba ya mbuzi. Nilimweleza haya yote kwa sauti ya ukali, naye akawa anaitikia "eeh, eeh" akichagua nyeupe zisizo na ufa na kunipa mkononi.

Vidole vyangu havikusahau kitu. Vilikwenda vyenyewe. Nilidhani mambo hayo yalizikwa pamoja na shanga zenyewe, kumbe yalikuwa hapa hapa mkononi miaka yote hii, nikipalilia nayo, nikishika nayo Biblia.

Nusu ya uzi ilipokwisha nilishindwa kunyamaza. Nilimwambia kuhusu Jumapili, na kwamba mimi ndiye nitakayeulizwa.

"Najua," akasema. "Sema tu. Lakini malizia kwanza."

Nilimtazama nione kama ananikejeli. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa akichagua upya nyeupe zile zile alizokwisha kuzichagua, na nikaona kwamba ana hofu kwa ajili ya Mwende, hofu kubwa, na bado hajakificha kile kitambaa wala hajaniomba nimfichie. Nilimuuliza kwa nini asikifumue tu kabla ya Jumapili, yaishe. Akasema mamake hakumwachia shamba wala mbuzi, alimwachia hizi, na mahali pazuri kuliko pote alipoweza kufikiria kuziweka ni pale jina la Yesu lilipo. Kama ni kosa, wazee wamwambie kosa liko wapi, atalisikia. Kisha akaniuliza kama naona kosa.

Mimi si mhubiri, nalala tu karibu na mhubiri.

Lakini nimerudi nikiliwaza swali lake, na nasema hapa kwamba sijui. Najua tulikuwa tukicheza ngoma na kulikuwa na mambo kwenye ngoma zile ambayo sitaki Mwende ayajue. Hilo nakubali. Lakini nyekundu ilifanya dhambi gani? Ile nafasi ya upana wa ukucha ilimkosea nani? Niliambiwa nivue nikavua, na sijutii ubatizo wangu hata siku moja, ila nadhani siku ile kikapuni niliweka na kitu ambacho Mungu hakukiomba. Nimekitafuta tangu hapo kwenye vitambaa vya duka na kwenye mistari ya ufagio. Halafu nikamwona mwenzangu anacho ukutani, na badala ya kufurahi nikataka kanisa zima limnyang'anye.

Hayo ndiyo yangu. Wala sitasema yameniondoka, kwa sababu nikiinua kichwa naliona bati lake linang'aa kule ng'ambo, na roho inaniuma vile vile.

Baba Musyoka yuko nje anaziba pancha. Nimekwenda nikamwambia kwamba nimeshona shanga kwa Ndinda leo, kwa mkono wangu, na kwamba Jumapili nitalisema hilo pamoja na mengine. Aliacha pampu. Akauliza kama nimefikiria watamwambia nini yeye, mwinjilisti, ambaye mke wake ndiye anayetunga. Nikasema nimefikiria. Akarudi kwenye gurudumu lake, na sijui kama amekasirika au anaomba. Kwake yeye sura ni ile ile.

Basi Jumapili nitasimama. Nitasema nilichoona: kitambaa cheupe, jina la Yesu, na shanga ambazo sote tulizivaa, kila mama wa kikao kile. Sitaziita kwa jina jingine. Wakiniuliza nani alitunga uzi wa katikati, nitajitaja. Wakitaka kumtenga Ndinda, itabidi watutenge wawili, na waeleze kwa nini, na Bibi wa misheni awepo asikie.

Neno moja tu sitawaambia wazee, hilo nitalibeba mwenyewe mbele za Mungu. Tulipokitundika tena kile kitambaa, Ndinda aliinamisha kichwa akaomba. Mimi pia niliinamisha. Kisha nikafumbua jicho moja kuangalia ukutani, na sikuwa nikitafuta jina la Yesu.