Kitanda Kimoja cha Surua

Mjukuu wangu Nambozo,

Hamjambo huko Jinja? Hapa Malukhu mahindi tumeshavuna, ila babu yako anakohoa.

Unauliza kama umlete mwanao Wafula kwetu Krismasi, kwa sababu watu wanasema korona haiwasumbui watoto.

Nilipokuwa msichana mdogo, surua iliingia nyumbani. Mama alitulaza watoto wote kitanda kimoja, ili tuugue pamoja yaishe. Sisi tulijikuna, tukapona, tukarudi kucheza. Mdogo wangu Mudoma alikuwa na selimundu, ugonjwa uleule wa damu alio nao Wafula. Akaanza kuhema kwa shida. Mama akawa anatuambia, "Ni surua tu." Alisema hivyo mpaka siku tuliyomzika.

Natamani sana kumpakata mtoto huyo. Lakini sijui kikohozi cha babu yako ni cha nini. Usimlete.

Bibi yako